MAJI YA BAHARI NA SHAMBA LAKO



Huenda ukashangaa kukuta somo la maji ya bahari katika gazeti la wakulima. Kutoka Chechelesi hata pwani ni safari ya mamia ya kilomita, na wengi wetu hatujapata kuyaonja maji hayo. Lakini ziko sababu mbili za kujifunza habari hii. Ya kwanza, sehemu kubwa ya mvua inyeshayo juu ya mashamba yetu ilitoka katika Bahari ya Hindi. Ya pili, na hiyo ndiyo kubwa, kazi iliyoitia bahari chumvi ni ile ile inayoendelea kila siku katika shamba linyweshwalo maji ya mfereji. Mkulima asiyeijua kazi hiyo aweza kuligeuza shamba lake kuwa bahari ndogo bila kukusudia. Mavuno yake hupungua mwaka hata mwaka, naye asijue mwizi ni nani.

Soma polepole, kisha uzungumze habari hii na jirani zako wa mfereji mmoja.

MAJI YA BAHARI YANA NINI NDANI YAKE?

Chukua kilo moja ya maji ya bahari ya kawaida, uyachemshe mpaka yakauke kabisa. Chini ya sufuria zitabaki gramu 35 hivi za chumvi. Debe moja la lita 20 litakuachia gramu 700 hivi, yaani karibu pakiti moja na nusu za nusu kilo kama zile za dukani.

Chumvi hiyo si ya namna moja. Zaidi ya robo tatu yake ni chumvi ile ile tuitiayo katika mboga, ambayo wataalamu huiita kloraidi ya sodiamu. Iliyobaki ni chumvi za magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na nyinginezo. Zile za magnesiamu ndizo zinazoyatia maji ya bahari uchungu usiopatikana katika chumvi ya jikoni.

Kati ya mwaka 1872 na 1876 meli ya Kiingereza iitwayo Challenger ilizunguka dunia ikichota maji ya bahari mahali pengi, ya juu na ya vilindini. Mtaalamu William Dittmar aliyapima maji ya sehemu 77, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 1884. Aliona kwamba kiasi cha chumvi huzidi au hupungua mahali hata mahali, lakini mgawanyo wa zile namna za chumvi ni karibu ule ule kila mahali. Basi maji ya bahari yanapozidi ukali, kwa kawaida si kwamba mtu ameongeza chumvi. Maji matamu ndiyo yaliyoondoka. Na yanapopungua ukali, maji matamu yameingia. Likumbuke jambo hili, maana ndilo kiini cha somo letu.

CHUMVI HIYO ILITOKA WAPI?

Mvua inapoanguka haina chumvi ila kidogo mno. Ikipita juu ya mawe na udongo huyeyusha chembe ndogo ndogo za madini na kuzichukua. Chembe hizo huingia vijitoni, vijito huingia mitoni, na mito huingia baharini. Maji ya mto ni matamu kwa kunywa, lakini si matupu. Nyingine ya chumvi ya bahari ilitoka katika moto wa chini ya ardhi, kwa milima ya volkano na chemchemi za moto zilizo katika sakafu ya bahari.

Mto huleta maji na chumvi pamoja. Jua huchukua maji peke yake. Maji hugeuka mvuke, hupanda juu, huwa mawingu, na kurudi nchi kavu kuwa mvua, kisha huleta chumvi nyingine tena. Kazi hii imeendelea kwa mamilioni ya miaka.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, tia kijiko cha chumvi katika sufuria ya maji, chemsha, na ufunike kifuniko safi. Baadaye onja matone yaliyoshika chini ya kifuniko. Yatakuwa matamu. Chumvi haipandi pamoja na mvuke, bali hubaki chini.

TABIA ZA MAJI YA BAHARI NA JINSI ZINAVYOBADILIKA

Uzito. Lita moja ya maji matamu ina uzito wa kilo moja. Lita moja ya maji ya bahari huzidi kwa gramu 25 hivi. Kwa sababu hiyo chombo huelea juu zaidi kidogo baharini kuliko mtoni. Weka yai bichi katika glasi ya maji matamu, litazama. Ongeza chumvi kijiko kwa kijiko ukikoroga, na mwisho yai litainuka lenyewe.

Kuganda. Maji matamu huganda yafikapo nyuzi 0. Maji ya bahari huganda yafikapo karibu nyuzi 2 chini ya sifuri, kwa kuwa chumvi huyazuia. Tena barafu ya bahari ikiganda huiacha nje sehemu kubwa ya chumvi, na maji yaliyobaki chini yake huzidi ukali na uzito, yakashuka vilindini.

Kiasi cha chumvi. Bahari ya Shamu ina jua kali, mvua haba, wala hakuna mto mkubwa unaoingia ndani yake. Maji yake yana gramu 40 hivi za chumvi kwa kilo. Bahari ya Baltiki, huko Ulaya ya kaskazini, hupokea mito mingi na jua lake ni dogo. Sehemu kubwa ya maji yake ya juu ina gramu 7 au 8 tu. Katika pwani yetu ya Kenya kipimo huwa karibu gramu 35, lakini hushuka mbele ya midomo ya mito Tana na Sabaki wakati wa mafuriko, na maji ya Malindi hugeuka rangi ya udongo mwekundu. Udongo huo ni wa mashamba ya bara.

Joto. Maji ya juu ya pwani yetu huwa na joto la nyuzi 25 hata 29 au zaidi kidogo, kwa kufuata majira ya kusi na kaskazi. Chini kabisa ya bahari hiyo hiyo maji ni baridi kuliko maji ya mito ya Mlima Kenya yafikapo kwetu. Sasa, mkulima wa Isiolo, zingatia hapa. Maji ya Bahari ya Hindi ya upande wetu yanapozidi joto kuliko kawaida, na yale ya upande wa Indonesia yakapoa, mvua za Oktoba hata Desemba huelekea kuwa kubwa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1961, mwaka 1997, na mwaka 2019, wakati mafuriko yalipovunja madaraja na kuchukua mifugo. Mambo yakigeuka, upande wetu ukapoa, mvua hizo huelekea kupungua, kama ilivyokuwa mwaka 2010 na mwaka 2016. Kwa hiyo unaposikia katika redio Idara ya Hali ya Hewa ikitaja joto la bahari, usizime. Inazungumza juu ya shamba lako.

Katika siku zetu bahari yenyewe inabadilika. Maji ya juu yameongezeka joto. Mwaka 1998 joto liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya. Tena hewa ya ukaa, itokayo katika kuchoma makaa ya mawe na mafuta, huingia majini na kuyasogeza kidogo kidogo upande wa asidi, jambo linalowatia taabu wanyama wajengao magamba.

TUTAZAME MASHAMBA YA CHUMVI

Kaskazini ya Malindi, sehemu za Gongoni na Marereni, wako watu wavunao chumvi. Maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana yasiyo na kina kirefu, yakaachiwa jua na upepo. Chumvi hazigandi zote kwa mara moja. Kwanza hujitenga chokaa kidogo. Maji yakibaki kama moja ya tano ya yale ya kwanza, hujitenga jasi. Yakibaki kama moja ya kumi, ndipo chumvi ya jikoni huanza kuganda. Zile chungu za magnesiamu hubaki majini hata mwisho, nayo maji hayo humwagwa yasije yakaiharibu chumvi.

Sasa jiulize: bwawa la Gongoni na jaruba la shamba lako vinatofautiana kwa nini? Vyote viwili ni mahali pa wazi paliposawazishwa, penye kingo, palipoingizwa maji, pakaachwa juani. Tofauti ni moja tu. Mwenye bwawa anaitaka chumvi, nawe huitaki.

BAHARI NDOGO ZA BARA

Usidhani kwamba maji lazima yafike baharini ndipo yawe ya chumvi. Yakikosa tu njia ya kutoka, yatosha. Ziwa Magadi halina mto utokao, nalo limejaa magadi. Ziwa Turkana hupokea maji mengi ya mto Omo lakini halitoi mto wo wote, na lita moja ya maji yake ina gramu mbili na nusu hivi za chumvi. Chalbi, huko Marsabit, ilikuwa ziwa zamani za kale. Leo ni uwanja mkavu wenye ukoko mweupe.

Na mto wetu je? Ewaso Ng'iro hutoka Mlima Kenya na Nyandarua, hupokea mto Isiolo, hupita Archer's Post na Merti, kisha kwa miaka ya kawaida huishia katika kinamasi cha Lorian. Chini ya nchi hiyo, kutoka Merti kwenda mashariki, yako maji mengi ya visima. Yale ya katikati ni matamu, na ukienda kando kando huzidi chumvi. Kwa hiyo nchi yetu ina maji ya namna zote mbili, na kisima kimoja si ushahidi wa kisima kingine.

Kumbuka pia kwamba chumvi za bara hazilingani mgawanyo na zile za bahari. Mara nyingi sisi tuna magadi. Chumvi ya kawaida huweza kuoshwa kwa maji matamu. Lakini sodiamu ikishika udongo hubana chembe zake. Ukilowa huteleza kama sabuni, ukikauka huwa mgumu kama sakafu, wala maji hayapiti. Udongo kama huo hutaka jasi na mbolea ya samadi kabla ya kuoshwa.

HESABU YA EKARI MOJA

Tuchukue mfano. Maji ya mfereji wako yana nusu gramu ya chumvi katika lita moja. Hayo ni maji mazuri, ukiyanywa hutasikia ladha ya chumvi. Zao lako kwa msimu mmoja limepata milimita 600 za maji ya mfereji, yaani lita 600 kwa kila mita moja ya mraba. Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Basi ekari hiyo imekunywa lita 2,428,000, na maji hayo yameleta zaidi ya kilo 1,200 za chumvi.

Hizo ni gunia 24 za kilo 50. Hakuna mkulima ambaye angekubali lori lije kumwaga gunia 24 za chumvi katika ekari yake kila msimu. Lakini mfereji huzileta kimya kimya, mmea hunywa maji na kuacha karibu chumvi yote, na jua la Isiolo humaliza kazi. Mvua ya mji wetu kwa mwaka ni milimita 600 hivi au chini yake, na jua laweza kukausha zaidi ya milimita 2,000. Kama hakuna njia ya chumvi kushuka chini na kwenda zake, msimu wa pili huongeza juu ya wa kwanza.

Jambo hili si geni duniani. Huko Pakistani mifereji mikubwa ya mto Indus ilipandisha maji ya chini ya ardhi karibu na mizizi, na chumvi ikaharibu mashamba mengi. Kuanzia miaka ya 1960 serikali ililazimika kuchimba maelfu ya visima vya kuyashusha maji hayo. Maji ya chini yakiwa karibu, kama mita moja au mbili, hupanda yenyewe katika udongo kama mafuta ya taa yapandavyo utambi, yakafika juu, yakakauka, na kuacha ukoko mweupe.

Hapa Kenya, watazame wenzetu wa Ozi, karibu na mdomo wa mto Tana. Wao walilima mpunga kwa akili nyingi. Bahari ikijaa huusukuma mto nyuma, na maji matamu ya mto yakainuka kuingia mashambani. Lakini mto ukipungua nguvu, bahari huingia yenyewe, na maji ya chumvi yakafika penye mpunga. Wakulima wa huko wamepoteza mashamba kwa namna hiyo. Maji ya mto ndiyo ngao ya shamba juu ya chumvi, na anayeuchota mto kupita kiasi humwondolea ngao jirani yake wa chini.

KWA NINI MMEA HUONA KIU NDANI YA MAJI?

Katakata kitunguu au kabichi kwa kachumbari, nyunyiza chumvi, ngoja kidogo. Bakuli litakuwa na maji ambayo hukuyatia. Chumvi imeyavuta kutoka ndani ya mboga. Mizizi hupata mashaka hayo hayo. Udongo ukiwa na chumvi nyingi huyashika maji, mmea ukashindwa kuyavuta. Ndiyo sababu waweza kuona mahindi yamenyauka mchana na huku udongo ni mbichi. Mkulima asiyejua huongeza maji yale yale, na taabu huzidi.

Dalili nyingine ni hizi: ukoko mweupe juu ya matuta na kando ya mifereji, ncha za majani kuungua, mbegu kuota kwa mabaka mabaka, majani ya mmea kuwa madogo yenye rangi ya kijani iliyokolea kuliko kawaida.

MAMBO YA KUFANYA

1. Pima maji. Mimina glasi moja ya maji ya mfereji katika sahani safi, na glasi moja ya maji ya mvua katika sahani nyingine. Ziache juani mpaka zikauke, kisha linganisha. Huo ni mwanzo tu. Kipimo cha kweli hufanywa kwa chombo kionyeshacho jinsi umeme unavyopita majini, kwa hesabu iitwayo desisimensi kwa mita. Maji yaliyo chini ya 0.7 hayana neno. Kutoka 0.7 hata 3 yanataka uangalifu. Yakizidi 3 ni ya hatari kwa mazao mengi. Maji ya bahari hufika 50 hivi. Mwombe Bwana Shamba akusaidie. Udongo waweza kupelekwa katika maabara ya KALRO, Kabete.

2. Chimba mtaro wa kutolea maji. Mfereji wa kuingiza bila mtaro wa kutoa ni nusu ya kazi. Kubalianeni na jirani, ili maji yako ya kutoka yasiwe mafuriko kwake.

3. Osha udongo. Baada ya kuhakikisha maji yanapita chini, ongeza moja ya kumi hivi juu ya mahitaji ya zao, ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Mvua kubwa ndiyo maji matamu ya bure. Kabla ya mvua za Oktoba, sawazisha shamba na uinue kingo ili maji yashuke chini, yasikimbie juu ya ardhi.

4. Panda ubavuni mwa tuta. Katika shamba la mifereji, chumvi hukusanyika kileleni mwa tuta. Mbegu iliyopandwa ubavuni, karibu na maji, huokoka.

5. Funika udongo. Majani makavu huzuia jua lisinyonye maji. Mwagilia jioni au alfajiri badala ya adhuhuri.

6. Chagua zao. Maharagwe, karoti na vitunguu huumia upesi. Mahindi na kabichi huvumilia kidogo, nyanya zaidi kidogo. Kunde hustahimili kuliko maharagwe. Mtama, pamba na shayiri hustahimili zaidi ya hayo yote.

7. Angalia mbolea. Watu huziita mbolea za dukani mbolea za chumvichumvi, wala hawakosei, maana ni chumvi kweli. Tia kwa kipimo, usizirundike juu ya mizizi. Samadi iliyooza vizuri huulegeza udongo na kuacha maji yapite.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mvuke wa bahari huleta mvua tamu?
2. Maji ya Bahari ya Shamu yanazidi ukali kuliko ya Baltiki kwa sababu gani mbili au tatu?
3. Maji yako yana gramu moja ya chumvi kwa lita, nawe umetia milimita 400 katika nusu ekari. Umeleta kilo ngapi za chumvi?
4. Ewaso Ng'iro na Ziwa Turkana wana shauri gani kwa mkulima asiyechimba mtaro wa kutolea maji?
5. Nenda shambani asubuhi, utazame vilele vya matuta yako. Je, ni vyeupe? Kama ni vyeupe, chukua udongo kidogo wa mahali hapo na kidogo wa chini yake, uutie katika mifuko miwili yenye jina lako, uulete ofisini juma hili kabla ya kupanda.